Jirani, Mgeni na Raia: Lugha na Chimbuko la Mivutano ya Kidiplomasia kati ya Kenya na Tanzania

Matini ya mhadhara wa hadhara wa taaluma za Kiswahili, uliotolewa Sigino, Babati



1.0 Utangulizi

Mada niliyopewa fursa ya kuijadili leo kwa kawaida huachiwa wanasayansi wa siasa na wachumi. Wao huuliza nani alifunga mpaka, kwa sababu gani, na hasara ilikuwa kiasi gani. Maswali hayo ni halali, nami nitayagusa. Hata hivyo, mwanaisimu ana swali lake: je, watu wanaozozana wanayatumia maneno yale yale kwa maana ile ile? Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba nyuma ya mivutano mingi iliyozuka kati ya Kenya na Tanzania tangu uhuru kuna swali moja la kimsamiati ambalo halijapata jibu la kisheria: mtu atokaye upande wa pili wa mpaka ni nani kwetu? Ni jirani, au ni mgeni?

Nchi tunazozizungumzia si ndogo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya 47,564,296. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Mpaka kati yao una urefu wa takriban kilomita 770, kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Hindi. Mpaka huo haukuchorwa na Mkenya wala Mtanzania. Ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na ukakata kati Wakuria, Wajaluo, Wamaasai na Wadigo. Kile kisa kinachosimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro ni hekaya tu; lakini ni hekaya yenye kudumu kwa sababu inasema jambo ambalo wenyeji walilijua vyema, kwamba waligawiwa bila kuulizwa.

Kuna sababu ya kulijadili suala hili hapa Babati. Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambapo lugha za makundi makubwa tofauti huishi pamoja. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Kimbugwe na Kirangi ni za Kibantu. Na ukienda mbele kidogo, huko kwa Wasandawe na kwa Wahadzabe, unakutana na lugha zenye vidoko. Watu wa hapa wamekuwa majirani kwa vizazi vingi bila kuwa na lugha moja ya asili. Wamegombea malisho na mashamba, hilo hatuwezi kulificha, lakini wameoana, wameuziana na wamesuluhishana. Kwa upande mwingine, Kenya na Tanzania zina Kiswahili, nazo hukwaruzana kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo tuanze kwa kukubali jambo moja: kuwa na lugha moja hakuleti amani kwenyewe. Pengine wakati mwingine huichochea vita ya maneno, kwa kuwa tusi halihitaji mkalimani.

2.0 Maneno Matatu

Msamiati wa Kiswahili kuhusu watu na mahali una ngazi zaidi ya mbili. Tuanze na jirani. Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, na huko jīrān ni wingi. Umoja wake ni jār. Waswahili tuliuchukua wingi tukaufanya umoja. Sidai kwamba asili ya neno huamua maana yake ya leo, lakini katika kesi hii inatukumbusha ukweli: hakuna jirani wa peke yake. Ukiwa jirani wa fulani, fulani naye ni jirani yako. Uhusiano huo haumhitaji mtu kuuomba wala hauwezi kufutwa na upande mmoja.

Mgeni ni neno la Kibantu, na mantiki yake ni nyingine. Mgeni ana mwenyeji, na mwenyeji ndiye mwenye kauli. Ugeni huwa na muda. Ndiyo maana methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa onyo kwa wageni wavivu. Mimi naiona pia kuwa kanuni ya uraia wa kijiji: anayeshika jembe siku ya tatu ameanza kuacha kuwa mgeni. Aidha, ipo methali nyingine isemayo mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo katika fikra za Kiswahili mgeni si adui, ila hana haki isipokuwa ile anayopewa.

Neno la tatu ni raia. Hili nalo ni la Kiarabu, na limetokana na mzizi unaohusu kuchunga: raia ni wale walio chini ya mchungaji, yaani mtawala. Katika dola za leo raia ana haki, ana kura, ana kitambulisho. Lakini tabia moja ya neno hilo haijabadilika: raia huhesabiwa kwa kumtaja mchungaji wake. Sheria za nchi zetu zinamjua raia, na zinamjua asiye raia. Basi. Jirani hayumo.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame. Lugha ya watu ina ngazi tatu: mwenyeji, jirani, mgeni. Lugha ya sheria ina mbili: raia na asiye raia. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kwanza na ya pili, ilikuwa jaribio la kuijenga kisheria ile ngazi ya katikati. Kila ilipoyumba, jirani alianguka upande wa mgeni.

3.0 Jirani wa Kwanza: Mgawanyo wa Faida, 1964–1984

Ni desturi kusema kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjwa na itikadi. Kwa hakika ugomvi ulianza mapema, na ulianza na hesabu. Kenya ilirithi viwanda vingi na makao ya huduma nyingi za pamoja kutoka kwa ukoloni. Tanganyika na Uganda zililalamika kwamba soko ni la wote ilhali faida inalala Nairobi. Mwaka 1964 yalifikiwa Makubaliano ya Kampala yaliyokusudia kugawa viwanda baina ya nchi tatu, hayakutekelezwa ipasavyo. Mwaka 1966 kila nchi ilianzisha benki kuu na sarafu yake. Mkataba wa mwaka 1967 ulioanzisha Jumuiya ulijaribu kurekebisha mizani: makao makuu yakaja Arusha, Benki ya Maendeleo ikaenda Kampala, na nchi zilizobaki nyuma kiviwanda zikaruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa fulani zitokazo kwa mshirika.

Mapinduzi ya Uganda ya Januari 1971 yaliongeza nyufa, kwani Mwalimu Nyerere alikataa kukaa meza moja na Idi Amin, na bila kikao cha marais watatu chombo cha juu cha Jumuiya kikawa jina tu. Mashirika ya pamoja yakaanza kudaiana. Januari 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kusambaratika. Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Hapakuwa na suala la magari na ndege pekee. Kulikuwa pia na utalii, kwani watalii walikuwa wakishukia Nairobi, wakilipa Nairobi, kisha wakiingia Serengeti kwa siku chache na kurejea. Mpaka ulibaki umefungwa mpaka Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984 baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht.

Nawaomba wanafunzi walizingatie jambo moja katika historia hii. Lalamiko la Tanzania halikuwa kwamba Wakenya ni wageni. Lilikuwa kinyume chake: kwamba wao ni washirika, na mshirika hapaswi kula peke yake. Lalamiko la Kenya nalo lilikuwa kwamba mshirika anayedai mgao naye anapaswa kulipa sehemu yake ya gharama. Yalikuwa madai ya majirani. Lakini suluhisho lililotumika, yaani kufunga mpaka, lilikuwa ni la kuwatendea wote kama wageni, pamoja na yule mama wa Taveta aliyekuwa akiuza ndizi Himo.

4.0 Itikadi na Nguvu ya Majina

Ni kweli kwamba itikadi ilitia chumvi. Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 uliozungumzia ujamaa wa Kiafrika lakini ukaacha mlango wazi kwa mtaji wa binafsi. Tanzania ilitoa Azimio la Arusha Februari 1967. Kwa mtazamo wa isimu, tofauti kubwa ilikuwa katika msamiati. Tanzania ilijenga haraka leksikoni nzima ya kisiasa: ubepari, unyonyaji, kupe, mirija, kabwela, ndugu. Kenya ilikuwa na harambee, na baadaye nyayo. Maneno yale ya Tanzania yalibuniwa kwa matumizi ya ndani, ili kumweleza mkulima na mfanyakazi wa Tanzania hali yake. Lakini Kiswahili hakina ukuta Namanga. Msamiati uliokusudiwa nyumbani ukawa ndio unaomwelezea jirani.

Ndivyo neno nyang'au, lenye picha ya mnyama mlafi asiyeshiba, lilivyopata kutumika Tanzania kuwataja mabepari wa Kenya. Ndivyo pia yalivyozuka yale mabishano maarufu ya miaka ya sabini, upande mmoja ukisema kwamba jirani ni jamii ya mtu kumla mwenziwe, na upande wa pili, kwa jibu linalohusishwa na Mwanasheria Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Charles Njonjo, ukirudisha kwamba afadhali hivyo kuliko jamii ambayo mtu hana cha kula. Watu walicheka pande zote mbili. Lakini kicheko hicho kiliwageuza majirani kuwa vielelezo. Mkenya akawa mlafi, Mtanzania akawa mvivu. Jumuiya ya kwanza imekufa, Azimio limelegezwa, mabepari wako pande zote mbili, na majina hayo mawili bado yanasikika mitaani. Majina huishi kuliko sera.

Kuna tofauti nyingine, ndogo zaidi, ambayo hupuuzwa. Mtanzania akitaka chai husema, “Naomba chai.” Mkenya wa Nairobi aghalabu husema, “Nataka chai,” au “Nipe chai.” Mtanzania husikia amri, Mkenya akisikia “naomba” hujiuliza kwa nini mtu aombe kitu anachokilipia. Hakuna aliyekosa adabu. Kiswahili cha Nairobi kimekua miongoni mwa wazungumzaji wa lugha nyingi, katika soko na kazi, na kimeweka adabu yake mahali pengine, kama vile katika toni na utani. Kiswahili cha Tanzania kimepitia shule, chama na ofisi, na kimeiweka adabu katika kitenzi. Lakini kwa kuwa lugha ni moja, hakuna anayedhani anahitaji kufasiriwa. Mtu akikosea katika lugha ya kigeni husamehewa. Akikosea katika lugha yetu, tunasema ametudharau.

5.0 Jumuiya Mpya na Mivutano Mipya

Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikaahidi uhuru wa bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mtaji kuvuka mipaka, pamoja na haki ya kuanzisha shughuli na kukaa. Kwa maandishi, jirani alikuwa amezaliwa upya.

Hata hivyo, orodha ya mikwaruzo iliyofuata ni ndefu. Mwaka 2013 viongozi wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana mara kadhaa kupanga miradi bila Tanzania, na Novemba mwaka huo Rais Kikwete alilieleza Bunge msimamo wa nchi yake. Desemba 2014 Kenya iliyazuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, na marais wawili wakalimaliza jambo hilo kwa mazungumzo mwezi huo huo. Oktoba 2017 Tanzania iliwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya, na ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, madereva wa malori walikwama mpakani wakisubiri vipimo, na Kenya ilipoiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, Tanzania ikayazuia mashirika ya ndege ya Kenya hadi Septemba. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza zuio hilo kwa masharti baada ya siku chache. Januari 2024 mvutano wa ndege za mizigo ulikaribia kusimamisha safari za abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Ulimalizwa ndani ya siku mbili.

Wahenga walisema kwamba vyombo vilivyo pamoja havikosi kugongana, na methali hiyo hupendwa sana na wanadiplomasia. Mimi naiogopa kidogo. Inaufanya ugomvi uonekane wa maumbile, kana kwamba hauna chanzo cha kutafutwa. Tukiichunguza orodha niliyoitaja, tunaona utaratibu. Katika kila kisa, upande uliochukua hatua ulikuwa na sababu inayokubalika: ugonjwa wa kuku, malisho yaliyokauka, sumu katika nafaka, ajira ya madereva wa watalii. Na katika kila kisa upande wa pili haukulalamikia sababu, bali ulilalamikia namna: “Kwa nini hamkutuambia kwanza?” Hilo ni lalamiko la jirani. Mgeni hapewi taarifa, hupewa amri. Mfugaji wa Kimaasai aliyevusha ng'ombe kufuata nyasi alidhani yuko kwa jirani; mnada ukamjulisha kwamba alikuwa mgeni.

Juni 2019 lilitokea tukio linaloonyesha upande wa pili wa sarafu. Mbunge mmoja wa Nairobi alitoa kauli, tena kwa Kiswahili, akitishia kuwaondoa kwa nguvu wafanyabiashara kutoka nchi nyingine, wakiwemo Watanzania, katika masoko ya jiji hilo. Kauli hiyo haikuhitaji kufasiriwa. Ilienea kwa simu, ikajadiliwa katika Bunge la Tanzania, na Serikali ya Kenya ikalazimika kutamka hadharani kwamba huo haukuwa msimamo wake. Hivyo basi, maradhi haya si ya nchi moja.

6.0 Neno “Asiye Raia” na Gunia la Mbaazi

Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake zilikuwa uwakala wa fedha kwa njia ya simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji wa watalii, biashara ya jumla na rejareja, na, jambo linalowahusu moja kwa moja wakulima wa Sigino, ununuzi wa mazao shambani.

Tulitazame agizo hilo kwa haki. Malalamiko yaliyolitangulia yalikuwa ya kweli. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo walikuwa wameeleza kwa muda mrefu kwamba wageni, hasa kutoka China, wanaingia kama wawekezaji kisha wanauza rejareja. Mkulima naye anajua adha ya mnunuzi anayefika shambani mahindi yakiwa bado hayajakauka, akataja bei yake na kuondoka na faida. Serikali yenye vijana wengi wasio na ajira haiwezi kulikalia kimya jambo hilo.

Lakini tazameni neno lililotumika: asiye raia. Kwa neno hilo, mtu atokaye Guangzhou na mtu atokaye Taveta wakawa kitu kimoja. Kenya ililalamika mara moja kwamba agizo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja. Wanasheria wanaweza kubishana, kwani Itifaki yenyewe ina majedwali ambamo kila nchi ilitaja inachokifungua na lini. Mimi nasema kama mwanaisimu: sheria ilikosa neno, na kwa kukosa neno ilikosa kumwona mtu. Kama ingekuwepo istilahi ya kisheria kwa raia wa nchi mshirika, mwandishi wa agizo angelazimika kuitumia au kuiacha kwa makusudi. Na kama angeiacha kwa makusudi, angelazimika kueleza sababu. Kukosekana kwa neno kulimwondolea mzigo wa kueleza.

Kwa mkulima wa hapa hili si suala la nadharia. Babati ni njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma. Mahindi na mbaazi za hapa zinahitaji wanunuzi wengi ili bei ipande. Mkulima ana haki ya kulindwa dhidi ya mnunuzi mjanja. Lakini ujanja hauna uraia, na mnunuzi mmoja aliyebaki peke yake, hata akiwa ndugu yetu, hupanga bei anayoitaka.

7.0 Nani Ana Haki ya Kusema?

Ujirani hauhusu biashara peke yake. Unahusu pia haki ya kusema neno juu ya mambo ya nyumba ya pili. Kenya ilipotumbukia katika machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Rais Mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa mmoja wa wasuluhishi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, naye Rais Kikwete, akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alishiriki katika hatua za mwisho zilizozaa makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008. Sauti yao ilipokelewa kama ya majirani.

Mei 2025 mambo yalikwenda vingine. Wanasheria na wanaharakati wa Kenya waliokuja kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, walizuiwa na kurudishwa, wakiwemo Martha Karua na Jaji Mkuu Mstaafu Willy Mutunga. Rais Samia Suluhu Hassan alivitaka vyombo vya ulinzi visiwaruhusu wanaharakati wa nje kuingilia mambo ya ndani. Kenya ililalamika rasmi kwamba raia wake mmoja alishikiliwa bila maofisa wa ubalozi kuruhusiwa kumwona. Yeye na mwenzake wa Uganda baadaye walidai kuteswa. Mitandaoni vijana wa nchi mbili walitukanana kwa Kiswahili fasaha.

Mtu atasema kwamba kuna tofauti kati ya msuluhishi aliyealikwa na mwanaharakati aliyekuja mwenyewe. Tofauti ipo, nami siikatai. Lakini dola inapomwita mtu mgeni ili asiseme, haijajibu alichotaka kusema. Katika kijiji, jirani anayesikia kilio usiku haombi mwaliko. Anaweza kukosea, anaweza kukuta ni mtoto anayelilia uji. Hata hivyo hatumfukuzi kwa sababu alikuja kubisha hodi, na akipigwa mlangoni, kijiji kizima hudai maelezo.

Tarehe 28 Mei 2025, katika hafla ya maombi ya kitaifa, Rais William Ruto aliwageukia majirani wa Tanzania na kuomba msamaha iwapo Kenya iliwakosea. Wapo Wakenya waliokereka, wakisema aliyeumizwa hawezi kuwa ndiye aombaye radhi. Sitaingia katika ubishi huo. Ninachokitazama ni neno alilolichagua, majirani, na ile sentensi ya sharti, iwapo tumewakosea. Sentensi ya sharti huomba radhi bila kutaja kosa. Inapoza, haiponyi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mabibi na mabwana, naomba nihitimishe kwa mambo matatu.

Kwanza, mikataba ya Jumuiya iliandikwa kwa Kiingereza. Mkataba wa 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikawekwa katika nafasi ya lugha ya mawasiliano mapana ya kukuzwa. Matokeo yake ni kwamba tunaahidiana kwa Kiingereza na kugombana kwa Kiswahili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, iongoze kazi ya kuandaa matini za Kiswahili za itifaki hizi, zenye nguvu ya kisheria. Lugha hii ilisanifiwa kwa ushirikiano wa kimaeneo, kupitia Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Na Mei 2021 Rais Samia alilihutubia Bunge la Kenya kwa lugha hiyo. Uwezo upo.

Pili, sheria zetu zimpe jirani jina. Napendekeza neno mwanajumuiya, litumike katika sheria za leseni, uhamiaji na ajira kuwa ngazi ya tatu kati ya raia na mgeni. Kila nchi itabaki na mamlaka ya kuamua mwanajumuiya ana haki zipi katika biashara ipi. Lakini haitaweza tena kumsahau kwa bahati mbaya.

Tatu, kuhusu namna. Wakati Rais Ruto alipozuru Dar es Salaam Oktoba 2022, ilielezwa kwamba kati ya vikwazo 68 vya biashara vilivyoorodheshwa na nchi hizi mbili, 54 vilikuwa vimeondolewa. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na ilifanywa na watu waliokaa mezani wakapitia jambo moja moja. Tunalo neno la watu hao. Katika Kiswahili cha Tanzania, balozi si yule tu anayepeperusha bendera katika mji mkuu wa nchi nyingine. Balozi ni pia mjumbe wa nyumba kumi, anayeamshwa usiku majirani wanapogombana. Kenya nayo mwaka 2013 iliuchukua mfumo huo kwa jina lile lile la nyumba kumi. Balozi wa nyumba kumi haanzi kwa kuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, kwa sababu anajua kwamba kesho asubuhi wote wawili watachota maji katika kisima kimoja. Huanza kwa kuwakalisha, na kumtaka kila mmoja ataje kosa kwa jina lake.

Wanafunzi mlio hapa mtaandika kamusi, sheria na hotuba za miaka ijayo. Mtakapokutana na neno asiye raia, simameni kidogo mwulize ni nani hasa aliyekusudiwa. Kama ni jirani, mwandikeni hivyo.